Aliyelipa Ana Haki ya Kuona?



Mhariri ametuomba tueleze habari za safari ya wazee wa parishi yetu kwenda Kogatende, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mwezi Septemba uliopita. Tulikubali upesi, tukidhani kazi yetu itakuwa kusimulia tu. Lakini kila tuliposhika kalamu, swali moja lilitangulia mbele ya habari zenyewe, nalo ni hili: mtu aliyetoa fedha yake ili akaone jambo fulani, je, ana haki ya kuliona? Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa jepesi. Sisi tuliokuwamo katika yale magari mawili twajua kwamba si jepesi, na hatuna budi kueleza kwa nini, hata kama maelezo yenyewe hayatupatii sifa.

Mtakumbuka jinsi safari ilivyoanza. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, wageni kutoka Ulaya, Marekani na nchi za Asia hupanda ndege siku nzima ili waje kuwatazama nyumbu wakivuka Mto Mara. Mto huo ndio ule ule tunaouvuka kwa basi tukitoka Tarime kwenda Mugumu, na mawazo yetu aghalabu yakiwa kwenye bei ya mahindi. Wengi wetu tumetimiza miaka sitini na sabini bila kuwaona nyumbu hao wakivuka hata mara moja. Basi tukaanza kuweka akiba kidogo kidogo. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, lakini gari, mafuta, malazi na mwongoza watalii ni gharama kubwa kwa mstaafu. Baada ya mwaka mmoja na nusu tulipatikana watu kumi na wanne.

Wako walionung'unika kwamba fedha ile ingefaa kununulia mabati ya kanisa. Hatukuwadharau. Lakini twaamini kwamba mtu kwenda kuyatazama matendo ya Mungu kabla hajafa si ubadhirifu, mradi nyumbani hajaacha deni wala njaa. Kosa letu halikuwa kwenda. Kosa lilikuja baadaye.

Tulilala Mugumu, na alfajiri tukaingia hifadhini. Kabla hatujaukaribia mto, kijana aliyekuwa dereva na mwongozaji wetu alizima injini akatueleza kanuni. Hatushuki garini. Magari husimama mbali na ukingo mpaka nyumbu wa kwanza waingie majini. Gari haliwekwi mahali wanapoteremkia. Kelele hazitakiwi. Kisha akasema, "Wazee wangu, leo wanaweza kuvuka, na wanaweza wasivuke. Nyumbu hana ratiba." Tukaitikia sote kwa pamoja, kama darasa.

Tulingoja. Saa tano kundi kubwa lilikusanyika juu ya ukingo, vumbi likapanda. Wa mbele wakateremka hadi karibu na maji, wakanusa, wakasimama, na wa nyuma wakawasukuma. Kisha pundamilia mmoja akashtuka, na wote wakageuka wakarudi juu mbio. Saa saba wakafanya vile vile. Jua likawa kali, maji ya kunywa yakapungua, na mmoja wetu mwenye maradhi ya sukari akaanza kuchoka. Kijana alikuwa ametuambia kwamba saa kumi hatuna budi kuanza safari ya kurudi, ili tusifungiwe lango.

Saa tisa na nusu wakateremka tena. Safari hii ilionekana dhahiri kwamba watavuka. Ndipo magari mawili matatu ya watu wengine yakatoka mahali pake yakasogea mbele, na vumbi lake likatuzibia. Mmoja wetu akasema, "Nasi tusogee, mwanangu." Kijana akajibu, "Bado, mzee. Wakiingia majini nitasogea." Sauti nyingine ikasema, "Mwanangu, tumelipa. Hao wametuzidi nini?" Na ya tatu ikasema kwamba mwakani tutatafuta dereva mwenye moyo. Hatutawataja waliosema, maana sisi tuliokaa kimya tulikuwa tukiyasema hayo hayo moyoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Mwacheni kijana."

Akasogea. Gari letu halikuwa la kwanza kutoka, lakini lilikwenda mbele kuliko yote, likasimama karibu kabisa na njia waliyokuwa wakiteremkia. Nyumbu wa mbele akasimama, akatutazama. Kisha akageuka, na kundi zima likageuka pamoja naye, likaenda zake nyikani. Hawakurudi tena. Tukabaki tunatazama maji matupu.

Askari wa hifadhi alikuja, akaandika namba ya gari na jina la kijana. Sisi tuliomsukuma hakutuuliza hata jina. Njiani tukachanga fedha, tukampa kijana kwa ajili ya faini itakayomfika. Alizishika kitambo, akaturudishia. Akasema, "Wazee wangu, kanuni nilizisema mimi asubuhi, na mimi ndiye niliyezivunja." Baada ya hapo hapakuwa na maneno garini mpaka Mugumu.

Jambo linalotuaibisha zaidi ni hili. Mwezi Julai 2025 zilisambaa duniani kote picha za video zilizopigwa huko huko Kogatende, zikionyesha watalii walioshuka magarini na kujaa ukingoni hata wakawazuia nyumbu. Sote tulizitazama katika simu za wajukuu zetu. Sote tuliwalaumu wageni wale, tukasema hawana adabu kwa sababu si kwao. Na sisi, ambao ni kwetu, tulifanya nini? Jumapili iliyofuata tulipoulizwa na washirika wenzetu, tulijibu kwamba siku ile nyumbu hawakuvuka. Jibu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote. Kweli yote ndiyo hii tuliyoiandika.

Sasa turudi kwenye swali letu.

Yuko mwalimu mmoja, tuliyemfundisha zamani chuoni, ambaye sasa anaishi Norway. Aliwahi kutuandikia habari za safari ya namna hiyo hiyo. Huko kaskazini ya dunia, usiku wa majira ya baridi, huonekana angani mwanga wa kijani, na pengine mwekundu, unaotembea kama pazia linalopeperushwa na upepo. Chanzo chake ni chembechembe zitokazo katika jua. Zikifika duniani, nguvu ya usumaku wa dunia huzielekeza kwenye sehemu za ncha zake, nazo hugonga hewa iliyo juu sana, kiasi cha kilometa 100 na zaidi kutoka ardhini, na hewa hiyo ikatoa mwanga. Watu husafiri kutoka mbali hadi mji wa Tromsø ili kuuona, na huko hujiunga katika vikundi vyenye kiongozi na basi. Lakini jua lina vipindi vyake vya kuchachamaa na kutulia, kwa wastani kila miaka 11, na mawingu nayo huja yatakapo.

Ndugu yetu alijiunga na kikundi kimoja kwa usiku tatu. Kabla basi halijaondoka, kiongozi aliwaambia abiria, "Ninawauzia gari, nguo za baridi, na ujuzi wangu wa kutafuta mahali mawingu yalipopasuka. Mwanga si mali yangu, siwezi kuuuza." Kwa usiku zote tatu hawakuona kitu. Ndugu yetu aliandika kwamba alirudi bila hasira, kwa kuwa hakuna aliyemdanganya.

Tulipoisoma barua hiyo kwa mara ya kwanza tuliiona kuwa kichekesho: mtu wa Mara amelipa fedha ili asimame gizani kwenye theluji! Sasa twaiona kuwa fundisho. Mtu anayejiunga na safari kama hizi ananunua vitu kadha, navyo ana haki navyo kamili. Ana haki ya gari zima, ya kiongozi anayeijua kazi yake, ya usalama wake, na ya neno la kweli. Kiongozi asiyejitahidi kutafuta, au anayeahidi asichoweza kutoa, ni mwizi, na ni halali kumdai. Lakini jambo lenyewe tuliloliendea halimo katika stakabadhi. Haliwezi kuuzwa, kwa sababu anayeuza hanalo. Tulilipa tupelekwe mahali linapoweza kutokea. Zaidi ya hapo ni kupewa.

Wala tusione ajabu, maana tumeishi na jambo hilo maisha yetu yote. Mgonjwa humlipa daktari kwa ujuzi wake, hamlipi uhai. Mzazi hulipia vitabu na sare, lakini hawezi kununua ile saa mtoto anapoelewa. Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia walimu wanafunzi: andaa somo, andaa zana, panga ubao wako, kisha ngoja, mtoto ataelewa kwa wakati wake. Na tumeona pia yanayotokea mzazi anapodhani amelipia alama badala ya mafundisho. Humbana mwalimu. Na mwalimu aliyebanwa sana, akiwa dhaifu, humpa mtoto majibu ya mtihani. Hapo mzazi amepata alichotaka, na mtoto ameharibiwa. Twauliza: kuna tofauti gani kati ya mzazi huyo na sisi tulipomwambia kijana, "Tumelipa"?

Tofauti moja iko kati ya Tromsø na Kogatende, nayo yatuhusu sana. Mwanga ule wa mbinguni hauharibiwi na anayeutamani. Hata mtu akilikimbiza basi lake usiku kucha, hawezi kuugusa. Nyumbu huguswa. Kinachotuburudisha sisi, kwao ni hatari ya kufa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hivi hufa maji kila mwaka katika Mto Mara, na kwamba mizoga yao hulisha mamba, samaki na tai, na mifupa yao huendelea kuurutubisha mto kwa miaka. Mungu ameipanga hasara hiyo iwe chakula cha viumbe vingine. Lakini hakutupa ruhusa ya kuongeza hofu juu ya hofu ili tupate picha nzuri. Kwa hiyo anayesafiri kwenda Mto Mara anahitaji subira kuliko yule wa Tromsø, maana tamaa yake ina uwezo wa kudhuru.

Liko jambo jingine ambalo wasomaji wa Tarime na Serengeti watalielewa kuliko watu wa mbali. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 ndugu zetu Wamasai walihamishwa kutoka ndani yake kupelekwa upande wa Ngorongoro. Katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, kaskazini ya Mto Mara, nalo likaingizwa hifadhini, na wako wazee wa Kikuria wanaokumbuka wazazi wao wakilisha ng'ombe huko. Hata leo, ng'ombe akivuka mpaka kufuata majani wakati wa ukame, mwenyewe atamkomboa kwa faini au atampoteza. Mama akiingia kuokota kuni ana kosa. Tumekuwa tukiwaambia watu hawa wavumilie kwa ajili ya wanyama na kwa ajili ya taifa. Baadhi yetu tumewaambia hivyo tukiwa darasani, na wengine wakiwa mimbarani.

Basi, kama mwenye njaa ya malisho anazuiwa kwa ajili ya nyumbu, mwenye hamu ya kutazama atapewaje ruhusa ya kuwasumbua nyumbu hao hao kwa sababu tu ana risiti? Sheria inayomshika mchungaji na kumwachia mtalii haiwalindi wanyama. Inauza tu nafasi ya kuwasumbua. Sisi wazee wa kanisa tulipovuka ule mstari, tuliwanyima majirani zetu sababu ya kuendelea kuvumilia.

Tena, hao nyumbu tuliowaona hawakulipiwa na sisi peke yetu. Wazee wetu walisimulia habari za sotoka, maradhi yaliyoingia nchi zetu mwanzoni mwa miaka ya 1890 yakamaliza ng'ombe na kuwaua nyumbu na mbogo kwa wingi. Maradhi hayo yalizimika kati ya wanyama wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya ng'ombe wa vijiji vya jirani kuchanjwa mwaka baada ya mwaka. Ndipo nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwaka 1961, wakaongezeka hata kufikia kiasi cha 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Yaani mchungaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda kwenye sindano ana sehemu yake katika lile vumbi tulilolitazama. Nani kati yetu atasema, "Ni langu, nimelipa"?

Maandiko nayo hayako kimya. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 twamsoma Simoni wa Samaria, aliyewaletea mitume fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea kwa ukali, si kwa sababu alitamani jambo baya, bali kwa sababu alidhani kipawa cha Mungu kina bei. Na katika Luka sura ya 23 twamwona Herode, ambaye kwa muda mrefu alitaka kumwona Yesu, akitumaini kuona ishara. Alikuwa mtawala, naye alizoea kuonyeshwa kila alichotaka. Alihoji sana, wala hakujibiwa neno. Mlinganisheni na Zakayo katika sura ya 19. Naye alitaka kuona, na alikuwa tajiri. Lakini hakuutumia mfuko wake kusukuma umati. Alipanda mti, akangoja mahali Bwana atakapopita.

Twayasema haya kwa sababu ugonjwa huu hauko Kogatende tu. Siku hizi wako watu wanaokwenda kwenye mikutano ya maombi na bahasha mkononi, wakisema, "Nimepanda mbegu, sasa nataka muujiza wangu." Muujiza usipoonekana, mhubiri aliyebanwa hufanya kama kijana wetu: husogeza gari. Hutengeneza ishara isiyokuwapo. Tusimlaumu mhubiri peke yake. Wako pia waliomsukuma kutoka viti vya nyuma. Sadaka ni shukrani. Hainunui jibu la Mungu, kama vile kiingilio cha hifadhi kisivyowanunua nyumbu.

Mtatuuliza, je, kijana yule alipatwa na nini? Wiki moja baada ya kurudi, wawili kati yetu walikwenda Mugumu kwa mwajiri wake, wakamweleza kwamba asubuhi alitufundisha kanuni zote, na kwamba aliyevunja kwanza ni sisi. Walijitolea kulipa faini, na safari hii ikapokelewa. Mwajiri alisikiliza. Kijana bado yuko kazini, na tunamshukuru Mungu. Lakini tusijidanganye kwamba tumefuta. Jina lake liliandikwa kwa ajili yetu, naye alilala usiku saba bila kujua kama atakuwa na kazi.

Tunakusudia kwenda tena, na akiba imeanza. Atakayetaka kujiunga atasomewa mambo matatu kabla hajatoa shilingi yake. Kwanza, tunalipia njia na mwongozaji, hatulipii kuona. Pili, asubuhi kabla ya safari tutamwambia mwongozaji mbele ya wote kwamba nyumbu wasipovuka hatalaumiwa, na hata akitukatalia mara kumi atapata shukrani yake kamili. Tatu, mmoja wetu akimsukuma mwongozaji avunje kanuni, yule aliye jirani naye ana wajibu wa kusema kwa sauti, "Mwache." Neno hilo ni fupi sana. Mwezi Septemba tulikuwa watu kumi na wanne, na halikutoka katika kinywa cha hata mmoja.

Kama tutaona, tutawaeleza. Kama hatutaona, tutawaeleza pia, na safari hiyo hatutakuwa na jambo la kuficha. Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.